Bustani ya Nungunungu

Palikuwa na Nungunungu, fundi asiye na mwalimu wala subira. Alijenga bustani ya kituo walikotibiwa wanyama vijana wenye sononi. Viti akavipanga katikati, vikitazamana, "ili waseme waziwazi kama mimi." Hakuna kijana aliyekalia hata kimoja.

"Vijana wasipoitumia bustani leo, nang'oa kila kitu," alisema Mama Kiboko, msimamizi.

"Ng'oa! Watoto gani hawa wasio na shukrani!" Nungunungu alifoka, akaenda kupoza hasira nyuma ya rundo la udongo uliobaki. Akawakuta vijana wote huko, wameliegemea kimya.

"Shikamoo, fundi," alinong'ona Digidigi, akimpisha. "Nawe umevikimbia viti?"

Nungunungu akaketi. Miiba ikalala. Kisha akaita, "Mama Kiboko! Viti ving'oe, ni vya mpumbavu mmoja namfahamu. Rundo liache!"