Yaliyomo kwa Penseli

Donatille aliandika Yaliyomo ya kaunta buku la kwaya kwa penseli, maana waimbaji wa Misunkumilo walichomeka nyimbo mpya popote penye nafasi. Kufutafuta kulikuwa kumeiacha karatasi nyembamba kama ganda la kitunguu.

"Nyie mtanimaliza!" aliwagombeza, akifuta tena.

Kwenye ukurasa wa tisini na tatu hakukuta wimbo. Alikuta mwandiko wa mgane mmoja aliyeimba sauti ya besi, mtu asiyeongea.

"Dada Donatille, kwa mdomo nimeshindwa. Ukikubali nikuoe, niandike kwenye Yaliyomo. Ukikataa, chana karatasi hii, tuendelee kuimba tu."

Kule nyuma, mgane yule alikuwa akisugua miwani iliyokwisha kutakata.

Donatille alichomeka penseli kwenye nywele, akawageukia wenzake.

"Nani ana kalamu ya wino?"