Kindi wa Sandukuni

Kila asubuhi mama mkwe alikunja gauni lake la kulalia mara nne, akafungua sanduku lililokaa chini ya dirisha, akaliweka juu ya nguo nyingine. Kabati alikuwa amepewa. Hakulitumia. Mtu aliyekuja kwa mwanawe wiki mbili tu kutibiwa macho, alisema, hana sababu ya kuzoeana na kabati.

Asubuhi hiyo, siku moja kabla ya kurudi kwake, alifungua sanduku na sanduku likamtazama.

"Humu mna mtu," alisema, akalifunika taratibu kama aliyeingia bafuni bila kubisha hodi.

Alikuwa kindi arukaye, wa ile jamii yenye ngozi iliyotanda kati ya mikono na miguu. Aliingia dirishani kutoka kwenye mti wa uani, akapenya chini ya kifuniko kisichofunga vizuri, akazaa watoto wanne juu ya sweta. Aliitwa afisa wa wanyamapori, mwanamama mwenye buti na sauti ya kusoma taarifa ya habari. Alichungulia, akatoa amri: sanduku lisisogezwe, kiota kisiguswe, dirisha lisifungwe. Kindi akishtuliwa huwatelekeza wanawe. Wakae wiki nane, mpaka watoto waweze kuruka.

"Wiki nane," alirudia mkamwana, mke wa mwanawe wa pekee. Hilo tu. Mdomoni alikuwa na pini.

Mkamwana alikuwa fundi wa mito. Cherehani yake ilikaa sebuleni, katikati ya magunia ya sufi, ile pamba nyepesi ya kujazia, na pini alizibana midomoni toka asubuhi hadi jioni. Watu walizoea kutomsubiri ajibu. Mumewe aliongea naye kwa kumsoma nyusi.

Mama mkwe, ambaye tangu afiwe na mumewe alikuwa akizungumza na redio, alivuta kigoda karibu na cherehani, akawa anakunja foronya na kuongea kwa niaba yao wote wawili. Alisimulia harusi yake, mafuriko, jirani aliyemwibia ndoo akamwazima hiyohiyo. Mabega ya mkamwana yalitikisika kidogo. Mama mkwe hakujua kama ni kicheko au ni cherehani.

Alichokijua ni kwamba kila asubuhi mkamwana alipenyeza swali lilelile pembeni mwa pini.

"Bado wapo?"

"Wapo, mwanangu," alijibu mama mkwe kwa aibu. "Wapo kidogo."

Jioni moja walimwona kindi pamoja. Alipanda mti hadi kileleni, akajitupa, akatanda, akapita juu ya kamba ya nguo bila kupiga bawa, maana hana.

"Kama foronya iliyoponyoka kambani," alisema mkamwana.

Mama mkwe aliikumbuka sentensi hiyo wiki nzima. Ilikuwa ndefu kuliko zote alizowahi kuambiwa na mkwewe.

Wiki ya nane ikaisha, watoto wakaruka, mwana akaenda kukata tiketi. Aliporudi, mkamwana, aliyekuwa ameingia kufagia, alimwambia kindi kazaa tena. Kweli, kwenye pembe ya sanduku kulikuwa na kiota kipya cheupe, cha duara, nadhifu kuliko cha kwanza. Sufi tupu. Mwana alisema huyu mnyama ameanza kuiba malighafi ya kiwanda. Lakini amri ni amri. Hakuna aliyekigusa, na tiketi ikarudishwa.

Mama mkwe aliona kwamba watoto wa safari hii walikuwa kimya mno. Hakumwambia mtu.

Wiki ya kumi na nne mwana alimuuliza kama kindi hao amewaajiri. Kisha akaleta sanduku jipya lenye magurudumu. Mama aliliburuta sebuleni mara mbili, akasema lina kelele, na zaidi ya hapo lile la zamani alinunuliwa na marehemu, hawezi kuliacha na wanyama. Mwana alimgeukia mkewe amsaidie. Mkewe alikuwa anashona.

Mwana alisubiri mkewe atoke kuanika, akasogea.

"Mama, tumemchosha mke wangu. Unaona mwenyewe, hata haongei."

Usiku huo mama mkwe alizipanga nguo chache alizokuwa nazo nje ya sanduku ndani ya mfuko wa plastiki, gauni la kulalia juu kabisa, akauweka mlangoni. Sanduku la marehemu angelifuata siku nyingine.

Asubuhi afisa alirudi, safari hii kwa kuitwa na mwana. Alipiga magoti, akasikiliza, akaingiza mkono. Akatoka sebuleni na kiota kiganjani, akikigeuza huku na huku kwenye mwanga.

"Kindi waliondoka zamani," alisema. "Nimefanya kazi hii miaka kumi na moja. Nimeona viota vya majani, vya manyoya, kimoja cha wigi. Sijawahi kuona kiota chenye pindo."

Mwana alimtazama mama yake.

"Mama," alisema. "Mama, jamani."

Mama mkwe alikipokea. Alifungua kinywa ajitetee, lakini vidole vyake, vilivyokuwa vimekunja foronya mia tatu mezani pale, vilipita juu ya mshono: mdogo, ulionyooka, uliorudishwa mara mbili mwanzoni usifumuke. Akafunga kinywa.

Cherehani ilikuwa imesimama. Mkamwana alitoa pini midomoni, moja moja, zote saba, akazipanga juu ya meza.

"Mama," alisema, "usiende."