Ukinigusa, Radhi Zangu Huna

"Nishasema usinikaribie!"

Harub alipiga ukelele huo meno yakigongana, na mwanawe Asaad akairudisha nyuma kayaki kwa kafi, pima moja, pima mbili. Kiti cha nyuma cha kayaki kilikuwa kitupu. Maji yalikuwa ya baridi ya kuuma mifupa. Kwao Ibra, huko bara, Agosti ile, watu walikuwa wakiungua kwa jua. Lakini pwani ya Ashkhara, kusi ikivuma, maji ya chini kabisa huja juu na ukungu ukayafunika. Mashindano yenyewe ya kuogelea yamewekwa mwezi huo kwa sababu ya baridi hiyo. Kilomita saba, kwa anayejiweza.

Harub alikuwa na miaka sitini na mbili.

Mwaka jana alibakisha hatua mia tu kufika. Asaad akamwona baba yake anakunywa maji, akaingiwa na khofu, akamshika bega. Na sharti ni moja: mwogeleaji akiguswa, basi, ametoka. Mwaka mzima wazee wenzake wa barazani walimfanyia stihizai. "Yakhe Harub, hivi ulifika au ulifikishwa?" Hawakuchoka. Harub alicheka nao, kisha akirudi nyumbani chakula hakipiti.

Basi safari hii, kabla hajaingia majini, alimkabili mwanawe mbele ya Samah, binti wa kujitolea aliyekuwa akiandika majina ya washindani.

"Ukinigusa leo, Asaad, radhi zangu huna. Duniani wala akhera."

"Baba, astaghfirullah!"

"Nimeshasema."

Samah alibaki na kalamu mkononi. Ni neno zito hilo, wallahi. Radhi ni bora kuliko mali, sote tumelelewa hivyo, na hakuna aliyetufundisha la kufanya mzazi anapozitundika juu ya jambo la kipuuzi.

Saa moja tu ilikuwa imepita waliposikia honi ng'ambo ya ukungu. Ndefu, mara tatu.

"Wa kwanza huyo kafika," alisema Harub.

"Mapema hivi?"

"Mkondo umewabeba. Vijana hao, wana mapafu."

Asaad alitaka kuuliza, lakini redio waliyopewa ilikuwa imeingia maji, inakoroma tu. Akatazama huku na huku. Hapana boti, hapana kofia nyekundu hata moja. Wenzao wote wameshawaacha, alijisemea, na aibu aliyoiona ilikuwa ya baba yake, si yake.

Kila nusu saa alimpa chai ya tangawizi kwa kikombe kilichofungwa kwenye ufito, ili mikono yao isikutane. Mara ya tano Harub alishindwa kukishika. Chai yote ikamwagika baharini.

"Baba, panda. Nakuomba."

"Nani huyo? Marzouq?"

Marzouq alikuwa nduguye Harub, na walimzika Bidbid miaka tisa iliyopita.

Kutetemeka kwa baba yake kulikuwa kumekoma, na hilo ndilo lililomtisha Asaad kuliko yote. Alitamani kumtukana. Alitamani kumvuta ndani kwa nguvu kama gunia. Jana mlangoni mama yake alimwambia maneno matatu tu, "Nirejeshee mume wangu," wala hakungoja jibu. Akanyoosha mkono mpaka ukabaki shibiri moja na bega lile. Harub akageuka, midomo ya buluu, akamtazama mwanawe kwa macho yaliyomtambua vizuri kabisa. Alitikisa kichwa.

Asaad akaurudisha mkono. Sikio la kufa halisikii dawa, naam, lakini sikio hili lilikuwa la babake. Akalia waziwazi, na mzee akaendelea kuogelea, mkono mmoja, kisha kimya kirefu, kisha mkono mwingine.

Saa nne asubuhi walisikia mawimbi yakivunjika ufukweni. Harub hakuweza kusimama. Alitambaa mchangani kwa viwiko, na Asaad akatembea ubavuni mwake, mikono kaifungia mgongoni asije akajisahau. Lango la plastiki la kumalizia lilikuwa limeshatolewa upepo, na vibarua wawili walikuwa wakilikunja. Tumechelewa mno, aliwaza Asaad. Na iwe. Mstari bado upo.

Harub akauvuka kwa kifua.

"Hukunigusa," alisema.

"Sikukugusa, Baba."

"Radhi zangu zote, mwanangu. Duniani na akhera."

Akalaza shavu mchangani. Ndipo Asaad alipojitupa juu yake, akamkumbatia, akambusu kichwa, akacheka kwa mara ya kwanza siku ile. Alicheka mpaka akahisi kwamba kifua alichokikumbatia hakipandi wala hakishuki.

Samah alikuja mbio na blanketi.

"Mlikuwa wapi nyinyi? Boti zote ziko nje zinakutafuteni!" Akapiga magoti, akamtazama mzee, sauti ikamshuka. "Asaad, maji yalipoa kupita kiasi. Mashindano tuliyavunja saa moja tu baada ya kuanza, na wenzenu wote tukawatoa baharini kwa kuwashika mikono."