Tochi Hafifu

Mzee Kombo na mkewe Mashavu waliingia dukani kutafuta tochi ya nyumbani. Muuzaji akawawashia ya kwanza.

"Hafifu," alisema Kombo.

Akawasha ya pili.

"Hii nayo betri zimekufa."

"Zimejaa, mzee wangu. Nimezitoa kwenye chaji sasa hivi."

Kombo alichanganyikiwa. Akachukua tochi kubwa kuliko zote, akaiwasha na kummulika mkewe.

"Zima, Baba Raya! Unaniumiza macho!" Mashavu alipiga kelele huku akijiziba uso.

Muuzaji alicheka. Mashavu alishusha mikono polepole, akamtazama mumewe, na hakucheka. Kombo alikuwa ameielekeza tochi usoni pake mwenyewe, anaikodolea macho bila kupepesa.

"Kwani imewaka?" aliuliza.