Dadasi

Kitendawili cha mwisho kilitegwa na Hanifu, bingwa wa mtaa wa juu: "Mfalme wetu ana taji kichwani na macho mwili mzima, lakini haoni." Zamda wa mtaa wa chini akafungua mdomo ajibu, damu ikamchuruzika puani.

"Muhina huo! Mwinueni kichwa!" watu wakapiga kelele.

"Mwacheni mjukuu wangu," alisema Bi Tunu. "Akiinua kichwa ataimeza."

Zamda mwenyewe alikwisha kuketi na kuinama mbele, ameibana pua penye ulaini, chini ya mfupa, akihema kwa mdomo. Ndivyo bibi yake alivyomfundisha: dakika kumi, na usichungulie.

"Umeshindwa, mwanangu," Hanifu akacheka. "Nipe mji."

"Dadasi!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko.

"Dadasi ndiyo nini? Achia pua useme kama watu!"

Bi Tunu alijua ni nanasi, ila jamaa haruhusiwi kutamka jibu. Vidole vya mtoto vikalegea kidogo. Akiachia, damu itaanza upya. Asipoachia, mtaa wao umeshindwa.

Zamda akakaza vidole. Akanyoosha mguu, akaanza kuchora mchangani kwa dole gumba: tumbo nene, macho tele, kisha taji la majani makali.

Kicheko kikakatika. Bi Tunu akajifunga kanga yake upya, akasogea mbele watu waone yule ni mjukuu wa nani. Hanifu alikuwa ameuinamia mchoro, mikono magotini, na dole lile bado linaongeza majani.