Gunia la Mlinzi

Kuku alichoka kuibiwa yai na Nguchiro kila wiki, akamwajiri Mbwa, jibwa kubwa kama ndama. Alimfikiria mahali pa kulala, tumbo hakulikumbuka. Wiki ya pili akawa anauza mayai yote apate unga wa kumlisha mlinzi, mwenyewe kabaki manyoya na mifupa.

Mbwa alipomtazama, ugali ukamshinda. “Mama, Nguchiro alikuibia moja. Mimi namaliza yote.”

“Ukiondoka atarudi, mwanangu.”

“Meno yangu hajawahi kuyaona. Anachoogopa ni harufu.”

Akamwachia mlangoni gunia alilolalia, akaenda kuchunga ng’ombe.

Nguchiro hajarudi. Harufu ikianza kufifia, Mbwa huja kulilalia tena, na Kuku humwekea yai moja, kwa hiari yake.