Radi Kwanza, Moto Baadaye

Radi kwanza, moto baadaye. Fundi cherehani aliyarudia maneno hayo huku akikunja upindo wa suruali ya mteja, na kwa kuyarudia sana akajidunga sindano. Akanyonya kidole, akaendelea. Leo saa kumi jioni alikuwa na mtu wa kumchoma.

Mtu huyo alijiita Theluji. Sura yake hakuijua, sauti yake hajawahi kuisikia. Alijua tu kwamba anaishi ndani ya simu ya mumewe, katika mchezo wa kupigana na mazimwi. Kila jioni mume akirudi kutoka kutengeneza mafriji ya watu, mkewe alipewa nusu ya salamu. Nusu iliyobaki ilipelekwa kwa Theluji.

Katika mchezo huo mume alikuwa mchawi. Mchawi hubeba mapigo matatu tu ya uchawi, ayachague mwenyewe kati ya moto, barafu, radi, upepo na mwamba, na akishaingia vitani habadilishi tena. Ukichagua vibaya umekwisha. Lakini huyu mume hakuchagua mwenyewe. Theluji ndiye aliyemchagulia.

Siku moja mke alichungulia begani kwa mume, akasoma ujumbe wa Theluji. "Zimwi la leo lina magamba ya maji, kwa hiyo usibebe moto. Beba radi mbili, na upepo mmoja. Nimefurahi, umejitahidi sana wiki hii. Kesho usichelewe." Koma mahali pake, nukta mahali pake. Huyu ni mwanamke wa ofisini, aliwaza, wa kukaa kwenye kiyoyozi na kucha zake ndefu.

Alimuuliza mume huyo ni nani. Mume akajibu bila kuinua macho kwamba ni mwenzake wa mchezo tu, hata jina halijui.

"Ananifundisha," alisema. "Ana akili huyo, acha tu."

Hilo "acha tu" ndilo lililommaliza. Miaka saba ya ndoa, mashati yote ya mume kashona yeye, na hakuna siku aliyosifiwa akili. Aliapa kwamba akipata ushahidi, anafunga mabegi.

Tatizo lilikuwa ayapeleke wapi. Mama yake, mwalimu wa hisabati aliyestaafu, alimkataa fundi friji tangu siku alipoletwa kutambulishwa, kwa sababu alimkatiza maneno mara mbili. Harusini alikuja, akala, akaondoka. Nyumba yao hajaikanyaga. Kila Jumamosi jioni alimpigia binti simu, akauliza afya, akauliza kazi, na habari za mkwe akaziruka kama mtu anavyoruka dimbwi. Kumrudia na mabegi kungekuwa kumkabidhi kombe.

Basi akaupakua mchezo. Akajiita Kaa la Moto.

Wiki tatu alijifunza kati ya mteja na mteja. Kama anavyojaribu sindano kwenye kipande kabla ya kugusa kitambaa cha mtu, ndivyo alivyojaribu kila pigo kwa panya wa mchezoni kabla ya kumwendea adui. Kisha akamfuata Theluji kimyakimya, akamsoma. Aligundua kwamba hujizungushia ukuta wa maji. Moto huzimika hapo, upepo humpepea tu, mwamba huchelewa kufika. Lakini radi na maji havijawahi kupatana. Radi moja ipasue ukuta, moto mara mbili kabla haujaziba. Kikulacho ki nguoni mwako, alijiambia, na yeye nguo ndiyo kazi yake.

Saa kumi ikafika, saa ambayo kila Jumamosi Theluji hupigana uwanjani na yeyote amwitaye. Mume alikuwa amejilaza sebuleni na simu yake, tayari kumshangilia mwenzake uwanjani. Mke akabaki chumba cha kushonea, mlango kauegesha, akamwita Theluji vitani.

"Karibu, mgeni," Theluji aliandika. "Tuanze."

Radi. Ukuta ukapasuka. Moto. Moto tena. Theluji akaanguka na fimbo yake na joho lake jeupe, na kutoka sebuleni ikasikika sauti ya mume akiguna kwa uchungu. Mkewe aliisikia, akafurahi, kisha akaumia kwamba anaguna hivyo kwa ajili ya mwingine.

Hasira ile ikamtuma amwandikie Theluji pembeni, pasipoonwa na mtu mwingine. "Huna haya. Mwachie mwenzio mume wake."

Mara taa ya jina la Theluji ikazimika. Mume akapita mlangoni na taulo begani, mnyonge, akasema anakwenda kuoga. Mke akarudi kwenye suruali ya mteja, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu akashona huku akiimba.

Simu ikalia. Alikuwa mama. Hakuuliza afya, hakuuliza kazi.

"Mwanangu, nikuambie jambo la aibu, usinicheke," alisema. "Kuna kamchezo nacheza kwenye simu tangu nistaafu. Leo mtu kanichoma moto, halafu kaniandikia eti nimwachie mume wake. Mimi, na umri huu."

Fundi cherehani aliondoa mguu kwenye pedali.

"Na kisa ni kijana mmoja ninayemfundisha humo, hata jina lake silijui. Msikivu, ana adabu, hamkatizi mtu maneno." Mama akavuta pumzi. "Mtu kama yule ndiye niliyekuwa nakuombea, mwanangu. Si huyo uliyenaye."